Vitone vya Wanja kwenye Uso wa Mwalimu

Wiki yangu ya mwisho kazini mmoja wenu alinilalamikia mlango wa chumba namba tatu. Alisema vyumba vyote vya zahanati yetu vina pazia jepesi, chumba namba tatu peke yake ndicho chenye mlango mzito wa mbao unaokwaruza sakafu, na kila ukifunguliwa mgonjwa anashtuka kama kasikia parapanda. Nilimjibu kwamba mlango ule usiguswe. Sikueleza sababu, maana foleni ilikuwa ndefu, na mimi si mtu wa kueleza mambo nikiwa nimesimama. Sasa nimekaa. Nina muda hata wa kuhesabu mijusi darini, basi nitaeleza.

Mmeniomba pia niandike juu ya kazi kwa jumla. Vyeo sitavitaja, walionipandisha wanajua, na walionichelewesha wanajua zaidi. Nitaandika ya ngozi, sindano na nyuso zinazowaka, kwa sababu hayo nayajua kuliko wengi katika kisiwa hiki, na sioni haya kusema hivyo.

Nilifika kitengo cha ngozi nikitokea wodi ya wazazi. Nilidhani nimepumzishwa. Ngozi, nilijiambia, haikuamshi usingizini kuja kuzaa. Nikavaa sare iliyopigwa pasi vizuri nikaenda kujitambulisha kwa Bi Pili, muuguzi mkuu wa kitengo, mwanamke mfupi aliyefunga saa yake kifuani na ambaye sikumwona akikimbia hata siku moja.

"Shikamoo, Bi Pili."

"Marahaba. Unajua kuchoma sindano?"

"Nnajua."

"Ya msuli unajua. Ya ngozi hujui."

Akafungua mkoba wake akatoa tungule moja, nyanya nyekundu, iliyoiva sawasawa. Akanipa sindano nyembamba yenye maji safi akaniambia niyaweke maji chini ya ganda la tungule bila kuipasua. Niliipasua. Akanipa ya pili, nayo nikaipasua, na sare yangu ikawa kama ya mchinja kuku. Siku ile sikugusa mgonjwa hata mmoja. Kwa mwezi mzima nilinunua matungule yangu mwenyewe kila asubuhi, nikayachoma maji mchana, jioni nikayapika. Mume wangu aliuliza kwa nini mchuzi wa nyumba hii umekuwa wa maji maji tangu nihamishwe. Nilimwambia anywe, ni elimu.

Siri yenyewe si kubwa, ila haifundishiki kwa maneno. Sindano unailaza karibu ilale kabisa juu ya ngozi, tundu lake likitazama juu, unaingia kidogo tu, halafu unasukuma polepole mpaka kinyanyuke kidonge kidogo kama palipoumwa na mbu. Kidonge kisiponyanyuka, umekwenda chini mno. Dawa ikimwagika nje, hukwenda kokote. Bi Pili alikuwa akisema mkono mwepesi hazaliwi nao mtu, unapikwa. Wangu ulipikwa na matungule.

Somo la pili lilikuja na mama mmoja wa Mpendae, mweusi wa kung'aa, aliyesema uso unamuwaka kama kapakwa pilipili. Nilimtazama mbele, nikamtazama ubavuni, nikamwambia Bi Pili kwamba mimi sioni kitu. Bi Pili alinishika mkono, akaugeuza, akaliweka gandi la mkono wangu, yaani mgongo wake, kwenye shavu la yule mama. Lilikuwa la moto kama birika.

"Ngozi nyeusi haikuonyeshi wekundu," alisema. "Inakupa joto. Vitabu vyetu vimechorwa nyuso za Wazungu, na wagonjwa wetu wana nyuso zao. Usipoona, gusa. Ukigusa usipojua, muulize mwenyewe, na umwamini."

Halafu akanipa kipande cha kioo cha maabara, kile chembamba kinachowekewa damu ya kupimwa. Ukikibana shavuni, wekundu wa mishipa iliyopanuka unakimbia, na ukikiachia unarudi. Kioo kile nilikaa nacho mfukoni mpaka siku ya kustaafu. Kimewahi kufuliwa na sare mara nyingi na hakikuvunjika, ingawa mashine ya kufulia imebadilishwa mara tatu.

Ugonjwa wa yule mama ulikuwa rosasia. Mnaujua, lakini nauandika kwa ajili ya atakayekuja baada yenu. Mishipa midogo ya uso inapanuka upesi na inachelewa kurudi. Mashavu, pua na kidevu vinawaka, wengine wanatoka vipele mkavidhani chunusi, wengine macho yanakuwa mekundu na kuwasha. Hauambukizi. Hauui. Haumaliziki moja kwa moja, ila unatulizwa. Na kabla ya kufika kwetu, mgonjwa kwa kawaida ameshaambiwa ni damu chafu, ni mzio wa pweza, au ni jicho la jirani.

Nyuso nyekundu nyingine tunazitengeneza wenyewe. Mnaufahamu msimu wa harusi. Mkorogo unapakwa miezi mitatu ili bibi harusi atoke mweupe, dawa kali iliyomo inaichosha ngozi, na siku ukiacha kupaka uso unavimba na kuwaka. Kuna mama alimleta binti yake wiki tano kabla ya harusi, akataka nimchome sindano ya weupe. Watu wetu wanaipenda sindano. Ukimpa mtu kidonge anakutazama kama umemdhulumu. Nilimwambia sindano ya weupe haimo kabatini, na ingekuwamo ningeitupa. Tuliupunguza mkorogo kidogo kidogo, tukaupoza uso, na singo ya karafuu ya kumsugulia bibi harusi nikaipiga marufuku mpaka somo wake, aliyekuwa akimfunda, akaninunia. Binti alitoka siku yake akiwa mweusi kuliko alivyotaka mama, na mzuri kuliko alivyostahili mama.

Basi nije kwenye mlango.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa Shaabani, miaka michache tu iliyopita, Bi Pili ameshastaafu na kitengo kiko mkononi mwangu. Aliingia mtu wa makamo, mwembamba, mweupe wa asili, kanzu safi. Nitamwita Mwalimu Seif. Jina nimelibadilisha, ingawa mwenyewe aliniambia niandike lake. Alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani kule kwetu Mpendae, na tangu ujanani ndiye aliyesalisha tarawehe katika msikiti wa mtaa kila Ramadhani. Watu walivuka mitaa miwili kuja kusikiliza kisomo chake. Mashavu yake yalikuwa mekundu, pua nyekundu, macho mekundu.

Chumba namba tatu kilikuwa na pazia. Nje ya pazia palikuwa na benchi, na benchi lilikuwa limejaa. Feni ilikuwa inapiga kelele, Mwalimu anasema kwa upole, na mimi sauti yangu mnaijua. Fomu ilikuwa na maswali yake na nilikuwa nayasoma mbio nimalize. La saba nililisoma kama nilivyoyasoma mengine, juu ya kelele za feni:

"Mwalimu, unatumia pombe?"

Aliinamisha kichwa. "Hapana, Sista. Sijapata," alisema, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa shida. Nikaandika hapana, nikaendelea na swali la nane.

Nilimpa mafuta ya kupaka na tarehe ya kurudi. Hakurudi. Na mimi, Mungu anisamehe, sikujiuliza kwa nini.

Wiki mbili baadaye palikuwa na hitima ya jirani yetu. Tulikuwa wanawake tumekaa mkekani baada ya kula, na aliyekuwa anazungumza ni Bi Kidawa, mgonjwa wangu wa ukurutu wa mikono, mwanamke mwema mwenye ulimi usiojua kulala. Siku ile ya Mwalimu alikuwa kwenye benchi. Alikuwa amenipa mgongo, hakujua kama nimefika.

"Mie sisemi kitu," alikuwa anasema. "Pua ile na macho yale nyote mnayaona. Lakini hata hospitali wamemuuliza. Sista Zuhura mwenyewe, kwa sauti, 'Unatumia pombe?' Na yule haulizi bure. Lisemwalo lipo."

"Alijibu nini?" aliuliza mwengine.

"Jibu sikulisikia."

Nilihisi joto usoni kwangu, na sikuhitaji kioo kujua ni la nini. Nilisema pale pale kwamba lile ni swali la fomu, anaulizwa kila mtu. Wakaniitikia kwa adabu, "Ndivyo, Sista," kama mtu anavyomwitikia anayemsitiri mwenziwe. Nikagundua kwamba kadiri ninavyomtetea ndivyo ninavyomzamisha. Kabla ya hapo watu walikuwa wakinong'ona tu juu ya uso wa Mwalimu. Mimi ndiye niliyewapa muhuri wa hospitali. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole langu lingepona zamani.

Siku chache kabla ya mwezi kuandama, kamati ya msikiti ilimwomba Mwalimu apumzike kusalisha mwaka ule. Walisema ni kwa ajili ya afya yake. Wazazi wakaanza kuwahamishia watoto chuo cha mtaa wa pili.

Nilimwomba mume wangu anisindikize, tukaenda kwa Mwalimu Ijumaa baada ya alasiri. Mkewe, Bi Raya, alitufungulia mlango bila tabasamu. Nilikaa kwenye ncha ya kiti nikasema yote: benchi, feni, hitima. Nikamwomba radhi.

"Uliniuliza swali la kazi yako," Mwalimu alisema. "Sikukasirika. Ila weye uliuliza kwa sauti kubwa, na mie nikajibu kwa sauti ndogo. Watu wamesikia swali tu."

Nililia mbele ya mume wangu na mbele ya wenyeji, na kitambaa cha kujifutia sikuwa nacho. Bi Raya alinipa ncha ya kanga yake. Halafu, kwa kuwa kulia hakutibu mtu, nilijifuta nikaanza kuuliza upya kila kitu, safari hii kwa sauti ya chini na kwa kusikiliza.

Kumbe Bi Raya, akiamini mumewe kapatwa na husda, alikuwa akimfukiza kila Alkhamisi: chungu cha majani kinachemka, shuka juu ya kichwa, mpaka jasho limtoke. Kwa uso wa rosasia hilo ni sawa na kuchochea jiko. Na kila Ramadhani alikuwa akifuturu uji wa moto wenye pilipili manga, bakuli mbili, kisha chai ya tangawizi, kisha anakwenda moja kwa moja msikitini kusimama mbele ya watu. Uso uliiva saa ile ile ambayo mtaa mzima unamtazama. Wakati mwengine wote wa siku alikuwa mwekundu kiasi. Kwenye tarawehe alikuwa kaa la moto.

"Yaani ni mie niliyemuunguza?" Bi Raya aliuliza.

"Si weye," nilimwambia. "Weye ulikuwa na chungu. Mie nilikuwa na mdomo."

Tukaanza kazi. Mafukizo yakaachwa, uji ukaachwa upoe, jua akaenda nalo kwa mwavuli. Dawa ya kupaka, vidonge vya muda mrefu, matone ya macho. Ramadhani ile alisali safu ya nyuma, nyuma ya imamu mwengine, na Bi Raya aliniambia kwamba akirudi nyumbani alikuwa akisalisha tena peke yake, kauelekea ukuta, kwa sauti ndogo. Baada ya miezi michache vipele vilikwisha na macho yakawa safi. Lakini wekundu wa mashavu na pua haukuondoka. Na watu hawakuwa wakihukumu vipele.

Daktari Nassor, bingwa wa ngozi aliyekuwa akivuka kutoka Dar es Salaam mara moja kwa mwezi, ndiye aliyeleta habari ya sindano. Ni dawa ile ile wanayochomwa wenye uwezo ili kuondoa mikunjo ya uso, inayolegeza misuli. Alieleza kwamba ikizimuliwa sana na kuwekwa juu juu ndani ya ngozi, vitone vidogo vidogo, inazituliza neva zinazoamrisha mishipa ipanuke. Si tiba ya kwanza, alisema, wala si ya kila mtu, na haikai zaidi ya miezi michache. Ni kwa uso ambao umeshajaribiwa yote mengine na ukakataa.

Mwalimu alisikiliza, akauliza dawa imetokana na nini, akaambiwa imetokana na sumu ya vijidudu iliyopunguzwa makali. Akauliza hatari yake.

"Ikiingia chini mno au ikisambaa kuelekea mdomoni," alisema Daktari, "midomo inaweza kulegea upande mmoja. Hurudi yenyewe, lakini huchukua wiki, pengine miezi."

Mwalimu alijigusa midomo. Wasiojua kisomo watasema mdomo ni mdomo. Lakini ba ni ya midomo, mim ni ya midomo, wau ni ya midomo. Mwalimu wa Kurani aliyelegea mdomo ni kama fundi cherehani aliyekatika vidole.

"Sista," aliniambia, si Daktari, "uso wangu nshaupoteza. Midomo ndiyo iliyobaki."

Nikamwambia aende akafikiri. Alirudi mwezi uliofuata, Daktari alipovuka tena. Alikuwa ameswali istikhara, kumwomba Mungu amchagulie. "Nimeridhika," alisema. "Ila Bi Raya kasema ukinilegeza mdomo, weye ndiye utakayekuja kusomesha chuoni."

Kuchoma alipasa achome Daktari. Lakini yeye alikuwa ameniona nikifanya kazi kwa miaka, akaniambia, "Mkono ni wako, Bi Zuhura. Mie nitasimama hapa." Nikaona ndani ya nafsi yangu kwamba kuchoma naweza, ila sijui nichome wapi. Picha ya kitabu ilikuwa na vitone vyake vimepangwa vizuri kwenye shavu la mtu asiyesema kitu. Mgonjwa wangu alikuwa mtu wa kusema. Nikatoa kwenye mkoba wangu kalamu ya wanja, mpya, ambayo nilikuwa nimeinunua Darajani kwa matumizi yangu mwenyewe.

"Soma, Mwalimu," nilimwambia.

Alitazama beseni, pamba, chupa za dawa. "Hapa si pahala pa aya, Sista. Hapa pana damu. Nitakusomea herufi."

Akaanza alif, ba, ta, tha, taratibu, kila herufi mahali pake, kama anawasomea watoto wa siku ya kwanza. Nikaweka vidole vyangu mashavuni mwake. Herufi nyingine hazikutikisa kitu. Kwenye ba na fa, kwenye mim na wau, nilihisi msuli ukivutwa chini ya kidole, na kila ulipovutwa nikapiga mstari wa wanja. Pale palipotulia nikatia kitone. Nilimrudisha mwanzo mara tatu. Mara mbili nilifuta na kuanza upya, maana shavu la kushoto lilikuwa linafanya kazi kuliko la kulia. Tulipomaliza, vitone vilikuwa vichache kuliko vya kitabu, na vya chini vyote vimepandishwa juu.

Daktari Nassor aliinama akatazama. "Hii sijaiona pahala," alisema. Mimi nilijibu kwa unyenyekevu kwamba ni wanja tu. Unyenyekevu huo ulikuwa wa uongo, na yeye alijua.

Dawa yenyewe ilikuwa imevuka kwenye chupa ya baridi, na barafu ya safari ilipoyeyuka tulinunua nyingine kwa wauza samaki wa Malindi hapa mjini, ndiyo maana dawa ya thamani ile ilinukia samaki changu. Nilinawa, nikavaa glovu, nikakumbuka tungule. Kitone kwa kitone. Kila nilipoinua sindano kilibaki kidonge kidogo, kisha kikajilaza. Mwalimu hakutoa sauti, ila midomo yake ilikuwa inacheza.

"Mwalimu, midomo itulie."

"Astaghfirullahi," alisema, na midomo ikacheza tena.

Daktari alimwambia arudi baada ya wiki mbili. Wiki mbili zile nilikuwa natoka kazini napita njia ya nyuma ya chuo chake, nasimama dirishani kama mwizi, nasikiliza akiwasomesha watoto wachache waliobaki. Nilikuwa nasubiri ba. Nilikuwa nasubiri mim. Siku ya tano koo lilimkauka akakohoa katikati ya neno, na mimi nikaushika ukuta mpaka akalimaliza neno lile.

Aliporudi, nilimkalisha dirishani nikamtazama. Pua ilikuwa ya rangi ya uso wake. Mashavu yalikuwa na wekundu mdogo tu, wa mtu aliyetembea juani. Nikaweka gandi la mkono: baridi. Nikabana kioo, nikakiachia. Kilichorudi kilikuwa kidogo na kilirudi bila haraka. Nikamwambia asome herufi, akasoma kutoka alif mpaka ya, na hakuna hata moja iliyochechemea. Nilitaka kupiga kigelegele, ila nilikuwa nimevaa sare.

"Fungua pazia," alisema Mwalimu.

"Mwalimu, haya ni siri yako."

"Siri gani, Bi Zuhura? Mtaa mzima unayo. Fungua."

Nilivuta pazia. Benchi lilikuwa limejaa kama kawaida, na mwisho wake, mikono imefungwa kitambaa, alikuwa Bi Kidawa. Wote wakatugeukia.

"Niulize tena lile swali," alisema. "Kama ulivyouliza siku ile."

Nikazima feni. Sauti nikaitoa yote. "Mwalimu Seif, unatumia pombe?"

Na yeye, kwa sauti ile iliyokuwa ikivusha watu mitaa miwili, alijibu: "Sijapata kuitia mdomoni tangu mama yangu alipon'zaa, na Mungu ni shahidi yangu!"

Mtu wa dirisha la dawa alitoka kuja kuona kuna nini. Bi Kidawa alitazama mikono yake.

"Sasa waambie ugonjwa wangu," Mwalimu alisema.

Nikawaambia. Nilisimama penye pazia na kioo mkononi nikawaeleza mishipa, uji wa moto, mafukizo na sindano, na nikawaambia kwamba swali la pombe huulizwa hata masharifu. Nilipomaliza, mama mmoja mweusi aliyekuwa katikati ya benchi alinyanyua mkono kama mwanafunzi.

"Mie nnawaka hivyo hivyo mwaka wa sita huu," alisema. "Nikiambiwa ni husda." Nikamwita aingie yeye kwanza, na hakuna aliyelalamikia zamu.

Mficha uchi hazai, lakini Mwalimu alijifunua kwa hiari yake, kwa sababu mimi nilikuwa nimemfunua bila hiari yake. Tofauti hiyo msiisahau. Jioni ile ile nilikwenda kwa mkuu wa zahanati nikamwambia chumba namba tatu nataka mlango, wa mbao, mzito, usiopitisha sauti. Aliuliza kwa nini chumba hicho tu. Nilimwambia kwa sababu ndicho chenye muuguzi mwenye sauti kama yangu. Seremala aliukata mrefu kidogo, ndiyo maana unakwaruza. Uacheni ukwaruze. Kila ukikwaruza ujue umefungwa, na ukishafungwa, uliza swali la saba.

Sitawadanganya kwamba sindano ilimponya. Ilipofika miezi minne wekundu ulianza kurudi na tukachora wanja upya, na bado siku za jua kali anawaka kidogo. Bi Kidawa alikwenda mwenyewe kwa Bi Raya. Walichoambiana hakikunifikia, jambo ambalo kwa Bi Kidawa ni ajabu. Nilichokiona ni kwamba mjukuu wake alirudi chuoni, na baada yake wengine. Na Shaabani iliyofuata ilipokaribia kwisha, kamati ya msikiti ilikwenda kugonga mlango wa Mwalimu.

Usiku wa kwanza wa Ramadhani nilifuturu upesi nikaenda msikitini, upande wa wanawake. Upande wetu umetengwa kwa pazia, la kijani, zito, na nyuma yake huoni kitu. Miaka yote hiyo kazi yangu ilikuwa kutazama nyuso, na uso niliotaka kuuona kuliko zote nisingeuona. Basi nikasikiliza. Mwalimu alianza Alhamdu, na alipofika Arrahmani Rrahim nilizuia pumzi mpaka midomo ikafunga juu ya ile mim ya mwisho, safi, imekaza, upande wa kulia na wa kushoto sawa. Machozi yalinitoka nikayaacha.

Tulipopumzika baada ya rakaa nne, aliyekuwa ubavuni kwangu alinigusa goti. Alikuwa Bi Kidawa.

"Una nini, Sista?" alininong'oneza.

"Sina kitu," nilimwambia. "Nnasikiliza kazi yangu."

Mungu anisamehe. Nilijivuna ndani ya nyumba yake, na mpaka leo sijaweza kutubia.